Sura ya 4: Wanafunzi Wanapotelea Wapi?

Mhadhiri yeyote aliyewahi kufundisha kozi mtandaoni ameshajiuliza swali hili, ama kwa sauti kwenye kikao cha idara, ama kimoyomoyo akitazama orodha ya majina. Waliojiandikisha ni wengi. Wiki ya kwanza wameingia karibu wote, wiki ya pili wamepungua, na ikifika wiki ya nne wamebaki wale wale wachache wanaojibu kila kitu. Wengine wako wapi? Hawajaandika barua ya kuacha chuo wala hawajalalamika. Wamenyamaza tu.

Wanafunzi nao wana swali lao: "Mbona nimesikiliza mihadhara yote, nimepakua noti zote, na bado nimepata sapu (mtihani wa marudio)?"

Majibu yanayotolewa harakaharaka ni mawili. La kwanza, kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. La pili, kwamba mtandao ni mbovu. La kwanza silikubali, kwa sababu wengi wa hao wanaoitwa wavivu wanafanya kazi mchana kutwa na kulipa ada kwa mishahara yao wenyewe. La pili ni kweli lakini halitoshi, maana wapo wanafunzi wa Masaki na Kilimani wenye intaneti isiyokatika ambao nao hupotea vilevile.

Jibu nitakalolitetea katika sura hii ni jingine. Wanafunzi hupotea pale mwalimu anapohamishia mhadhara mtandaoni lakini akaziacha nyuma kazi nyingine ndogondogo alizokuwa akizifanya darasani bila hata kujua kwamba anazifanya. Darasani aliona nyuso zimekunjamana, akarudia. Alimwita aliyejificha nyuma. Alikutana na mtu kwenye korido akamwambia, "Juzi sikukuona." Mtandaoni hakuna korido. Kila kimoja kati ya hivyo inabidi kipangwe, kiandikwe na kiwekewe siku yake.

## Kabla ya Zoom kulikuwa na posta

Wengi wetu tulikutana na ufundishaji wa mtandaoni Machi 2020, vyuo vilipofungwa ghafla kwa sababu ya korona. Kwa hiyo tumezoea kuuona kama kitu cha dharura. Lakini elimu ya masafa, yaani kusoma ukiwa mbali na mwalimu wako, ina umri mkubwa kuliko kompyuta.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na wanafunzi wake wa kwanza waliingia mwaka 1994. Barua pepe ilikuwa bado ni jambo la kusimuliwa. Mwanafunzi wa Rukwa au Lindi alisoma vitabu vilivyochapwa, akaenda kwenye kituo cha mkoa, akakutana na walimu ana kwa ana kwa vipindi maalumu, kisha akarudi kazini kwake. Nchini Uingereza, chuo kikuu huria cha huko kilipata hati mwaka 1969 na kuanza kufundisha mwaka 1971, kikirusha masomo kupitia redio na televisheni za BBC. Watu wa nje huvikumbuka vipindi hivyo vya televisheni. Mimi naona siri ilikuwa kwingine: kila mwanafunzi alikuwa na mwalimu wake wa karibu aliyesahihisha kazi zake na kuzirudisha kwa posta zikiwa na maelezo pembeni. Televisheni ilibeba somo, na yale maelezo ya pembeni yakambeba mwanafunzi.

Tazama kilichotokea pale sehemu hiyo ya pili ilipoachwa nje. Mwaka 2012 chuo cha MIT cha Marekani kilifungua kozi ya bure ya saketi za umeme, mtandaoni, kwa yeyote duniani. Walijiandikisha watu karibu 155,000. Waliopata cheti walikuwa 7,000 na kidogo. Tusiwe wepesi wa kucheka: wengi waliingia kuchungulia tu, na hata hao 7,000 ni wengi kuliko ambao maprofesa wengi huwafundisha maisha yao yote. Ila kwa chuo kinachotoza ada na kumwahidi mtu shahada, hesabu ya namna hiyo ni msiba.

Kenya imeongeza uzito wa jambo hili kwa kuanzisha Chuo Kikuu Huria chake, kilichopewa hati mwaka 2023. Vyuo vya kawaida navyo havijarudi nyuma kabisa tangu korona. Kozi inayofundishwa nusu darasani na nusu mtandaoni sasa ni jambo la kawaida, na mhadhiri anayesema "mimi si mtu wa mtandao" atajikuta amepangiwa moja muhula ujao.

## Hesabu ya bando

Tuanze na kinachouma zaidi. Kuna njia mbili za kufundisha mtandaoni. Ya kwanza ni ufundishaji wa papo kwa papo: mwalimu na wanafunzi wote wako hewani saa ile ile, kwa Zoom au Google Meet. Ya pili ni ufundishaji wa muda huria: mwalimu anaweka somo, kila mtu analifungua kwa wakati wake.

Chukua kozi moja yenye vipindi vya saa mbili kwa wiki, kwa wiki 15. Hizo ni saa 30. Mkutano wa video wa kundi hula mamia ya MB kwa saa, na picha ikiwa ya ubora wa juu hupita GB 1. Tukadirie kwa huruma, MB 600 kwa saa. Kozi hiyo moja itakula GB 18. Mwanafunzi ana kozi tano? GB 90 kwa muhula, kabla hajafungua kitabu wala kutuma kazi.

Sasa chukua sauti peke yake, iliyorekodiwa kwa kiwango kinachotosha mazungumzo, kilobiti 64 kwa sekunde. Saa nzima ni takriban MB 29. Saa zote 30 za muhula hazifiki GB 1. Noti za kurasa kumi zisizo na picha ni kitu kidogo zaidi ya hapo. Hata simu yenye ufa kwenye kioo inazifungua.

Sisemi video ifutwe. Nasema mwalimu aijue bei ya kila anachokiweka, maana anayelipa ni mwingine. Somo likiwekwa kwa namna mbili, video kwa mwenye uwezo na sauti pamoja na maandishi kwa asiye nao, hakuna anayebaki nje. Programu ya Moodle, ambayo ndiyo mfumo wa kuendeshea kozi unaotumiwa na vyuo vingi vya kwetu, ina toleo la simu linaloruhusu kupakua somo ukiwa na mtandao na kulisoma baadaye ukiwa huna. Wanafunzi wengi hawajawahi kuambiwa hivyo. Waambie wiki ya kwanza, na waonyeshe kitufe chenyewe kilipo.

Vipindi vya papo kwa papo vibaki vichache na viwe na kazi ambayo rekodi haiwezi kuifanya: maswali, kutatua tatizo pamoja, kusikia sauti za wenzao. Dakika 40 kila baada ya wiki mbili zinatosha kozi nyingi. Na kamera usiwalazimishe. Mwanafunzi anayeshiriki chumba na wadogo zake watatu, au aliyejibanza stoo ya duka la mwajiri wake, ana sababu nzuri ya kuifunga, na si lazima akueleze.

Kwa kifupi: kabla ya kuweka chochote, uliza kitamgharimu mwanafunzi MB ngapi, na kama kuna njia nyepesi ya kumfikishia jambo lile lile.

## Mhadhara wa saa mbili haupakiwi mzima

Mwaka 2014 watafiti walichambua namna watu wanavyotazama video za masomo kwenye jukwaa la edX. Walikuwa na rekodi za utazamaji zipatazo milioni 6.9, kutoka kozi nne. Hata video iwe ndefu kiasi gani, mtazamaji wa kawaida alikuwa nayo kwa dakika zisizozidi sita hivi. Waligundua pia kwamba mwalimu anayeandika kwa mkono huku akieleza hushika watu kuliko anayesoma slaidi, na kwamba chumba kidogo cha ofisi kilitosha. Studio ya gharama haikuongeza kitu cha maana.

Kutazama si kujifunza, hilo tukubaliane. Mtu anaweza kutazama dakika sita zote akiwaza mechi ya Simba na Yanga. Lakini asiyetazama hajifunzi kabisa, kwa hiyo urefu ni jambo la kuanzia.

Kumpakilia mwanafunzi mhadhara mzima wa saa mbili ni kumletea mgeni mtungi alipoomba glasi ya maji. Mwalimu anayejua kazi huukata kwa maswali. Video moja, swali moja. Nitaonyesha kwa somo la uhasibu, mada ya uchakavu, yaani kugawanya gharama ya mali kwa miaka ambayo mali hiyo itatumika.

Video inaanza na tatizo, bila utangulizi wa "karibuni tena katika mfululizo wetu". Mtu amenunua bodaboda kwa shilingi 3,000,000. Anategemea kuitumia miaka mitano, kisha aiuze kwa shilingi 500,000. Uchakavu wa kila mwaka ni kiasi gani, ikiwa tunaugawa sawasawa? Halafu mwalimu anasema: "Simamisha video. Chukua karatasi." Anakaa kimya sekunde kadhaa, kwa makusudi. Kisha anafanya mwenyewe, kwa kalamu, mkono ukionekana: milioni tatu toa laki tano, gawanya kwa tano, laki tano kwa mwaka.

Dakika nne. Chini ya video kuna swali la kuchagua lenye namba nyingine, na hapa ndipo ustadi wa mwalimu unapoonekana, kwenye majibu yasiyo sahihi. Turudi kwenye namba za bodaboda ili tuone. Anayejibu 600,000 amegawanya milioni tatu nzima kwa tano. Amesahau ile laki tano itakayorudi. Anayejibu 700,000 amekumbuka laki tano lakini ameijumlisha badala ya kuitoa. Kila kosa lina chanzo chake, na mfumo unaweza kumjibu kila mmoja papo hapo kwa maneno tofauti: "Umesahau thamani ya kuuzia. Bodaboda haifi yote." Mwalimu wa darasani angetembea kati ya viti, akachungulia madaftari, akayaona makosa hayo mawili. Mtandaoni anayabashiri kabla, na kuyatega.

Maswali ya namna hii huchukua muda kuyatunga. Swali moja zuri linaweza kula nusu saa. Lakini likishatungwa, litasahihisha watu 300 leo na wengine 300 mwakani, usiku wa manane mwalimu akiwa amelala.

## Mbona nimesoma na sikumbuki?

Hapa tunarudi kwa yule mwanafunzi wa sapu. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo maandishi mafupi ya kusoma. Kundi moja lilisoma likarudia kusoma. Jingine lilisoma, kisha likafunika karatasi na kuandika kila linachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki, mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobaki na vingi zaidi.

Ubaya ni kwamba kurudia kusoma kunaleta raha ya kudanganya. Maneno yanazoeleka machoni, mtu anadhani ameelewa. Kukumbuka bila kutazama kunauma, na mtu anadhani hajui kitu, kumbe ndipo anapojifunza. Mwanafunzi wa masafa anayesoma peke yake usiku huchagua raha, kama ambavyo sote tungechagua. Kwa hiyo mwalimu ndiye anayepaswa kuleta ule uchungu, kwa dozi ndogondogo.

Njia ya kufanya hivyo ni jaribio fupi la kila wiki: maswali matano, alama chache sana za koswaki (kazi za muhula), na ruhusa ya kulirudia. Mawili kati ya matano yatoke kwenye mada za wiki zilizopita, ili ya zamani yasizikwe. Alama ziwe chache ili asione faida ya kumlipa mtu amfanyie, lakini zisiwe sifuri, maana kisicho na alama hakifunguliwi. Nimeona wahadhiri wakibishana sana juu ya asilimia. Mimi naona moja au mbili kwa kila jaribio zinatosha.

## Jukwaa lenye "Nakubaliana na mwenzangu"

Karibu kila kozi ya mtandaoni ina jukwaa la majadiliano, yaani ukurasa ambapo mwalimu anaweka swali na wanafunzi wanajibu kwa kuandika. Na karibu kila jukwaa linafanana. Wa kwanza anaandika aya tatu alizozitoa mahali fulani. Wa pili anaandika, "Nakubaliana na mwenzangu hapo juu, ameeleza vizuri." Wa tatu hadi wa arobaini wanakubaliana pia. Mwalimu anafunga, anatoa alama za ushiriki, na wote wanajua kuwa hakuna kilichofanyika.

Kosa liko kwenye swali. "Jadili umuhimu wa kutunza kumbukumbu za fedha katika biashara ndogo" lina jibu moja, na wa kwanza akishalitoa hakuna kilichobaki kwa wengine. Lijaribu hivi:

*Nenda kwenye duka, genge au kibanda kimoja karibu na unapoishi. Muulize mwenye biashara: anajuaje kwamba mwezi huu amepata faida? Andika aya mbili tu, ukieleza alivyokujibu, bila kutaja jina lake. Kisha soma jibu la mwenzako aliye mkoa mwingine, umwandikie jambo moja ambalo mtu wako anafanya tofauti na wa kwake.*

Hapo hakuna wa kunakili, kwa sababu mwenye genge wa Tunduma hajibu kama mwuza samaki wa Kirumba. Na umbali, ambao siku zote tunaulalamikia, umegeuka kuwa mali: darasa la kawaida lisingeweza kukusanya biashara za mikoa kumi na tano kwa wiki moja.

Ukubwa wa kundi nao una maneno. Mbele ya watu 200 wengi hawaandiki, wanaogopa kuchekwa. Wagawe kumi na wawili au kumi na watano, na kila kundi liwe na CR wake, yaani kiongozi wa darasa, ambaye kazi yake moja ni kutoa taarifa: nani hajaonekana.

Halafu kuna suala la lugha, ambalo vikao vingi hulikwepa. Vyuo vikuu vyetu hufundisha kwa Kiingereza, na mtihani utakuwa kwa Kiingereza. Darasani mwanafunzi asiyejiamini anaweza kumnong'oneza jirani kwa Kiswahili na kuelewa. Kwenye jukwaa kila kosa la sarufi linabaki pale, na jina lake juu yake. Ndiyo maana wengi hunyamaza, au hunakili. Msimamo wangu ni kwamba mijadala iruhusiwe kwa Kiswahili, au kwa mchanganyiko wanaouzungumza kila siku, na Kiingereza kidaiwe kwenye kazi za mwisho baada ya wazo kukomaa. Mtu hupanga hoja vizuri zaidi akiwa hatafuti maneno.

## Maelezo ya pembeni

Mrejesho, yaani yale mwalimu anayomwambia mwanafunzi baada ya kuisoma kazi yake, ndio sehemu ya kozi ya mtandaoni ambayo ningeikata ya mwisho kabisa kama bajeti ingepungua. Ajabu ni kwamba vyuo vingi huikata ya kwanza. Tazama maneno haya:

*"12/20. Ongeza bidii."*

Mwanafunzi afanye nini nayo? Ajue wapi pa kuongeza hiyo bidii? Sasa haya:

*"Jedwali la uchakavu umelipanga sawa na miaka yote mitano ipo. Mstari wa tatu umepunguza thamani ya kuuzia mara ya pili, ndiyo maana jumla yako imepungua. Rekebisha mstari huo peke yake, uone namba za chini zinavyobadilika, kisha nitumie jedwali jipya kabla ya Ijumaa."*

Kuna kilicho sawa, kuna kosa lenye anwani yake, na kuna hatua inayofuata yenye siku. Kuandika hivyo kunachukua dakika tatu. Kwa wanafunzi 30 inawezekana kila wiki mbili. Kwa wanafunzi 300 haiwezekani, na anayesema inawezekana hajawahi kusahihisha. Mwenye darasa kubwa asome kazi zote, aorodheshe makosa manne yaliyojirudia, aandike barua moja kwa darasa zima au arekodi ujumbe wa sauti wa dakika tano akiyaeleza, kisha kila mwanafunzi apewe namba ya kosa lake. Haifikii ubora wa barua ya mtu mmoja mmoja, ila inashinda "ongeza bidii" kwa mbali.

Kinachouozesha mrejesho haraka ni muda. Mrejesho ukija baada ya wiki moja, kazi bado iko kichwani. Ukija mwezi wa pili, mwanafunzi anatazama alama tu.

Na wale walionyamaza? Wiki ya tatu, fungua ukurasa wa mfumo unaoonyesha nani ameingia lini. Chukua wale ambao hawajaonekana kwa siku kumi na uwaandikie, mmoja mmoja. Mara nyingi anayeandika ni mwalimu msaidizi wa miaka 27, na anayeandikiwa ni mama wa miaka 50 anayefanya kazi halmashauri. Adabu haifutwi na mtandao:

*"Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wako wa uhasibu. Sijaona jina lako tangu wiki ya kwanza, nikaona nikusalimie. Kama kuna lililokwama, iwe ni mfumo, kazi au nyumbani, niambie kwa ufupi tuone la kufanya. Jaribio la wiki ya pili bado nimekuachia wazi hadi Jumatano."*

Ujumbe huu haumshtaki mtu wala haumtishii kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Unampa mlango na tarehe. Majibu yanayorudi huwa ya kawaida sana: nywila imesahaulika, mtoto amelazwa, mkaguzi yuko ofisini, nilidhani nimeshachelewa mno. Hilo la mwisho linapoteza watu kuliko mengine yote. Mtu aliyeachwa nyuma kwa wiki mbili huona aibu kurudi, na aibu ikifika wiki ya nne inakuwa uamuzi.

Kwa kifupi: mrejesho uje ndani ya wiki, utaje kosa lilipo, useme cha kufanya. Waliopotea watafutwe wiki ya tatu, kwa heshima, na wapewe njia ya kurudi.

## Kudesa na akili mnemba

Tangu ChatGPT itolewe Novemba 2022, swali la udanganyifu limefunika mengine yote kwenye semina za wahadhiri. Mimi silipi nafasi kubwa. Kudesa kulikuwepo, na waandishi wa tasnifu za kulipwa walikuwa na vibanda nje ya vyuo kabla ya mashine hizi. Programu zinazodai kutambua maandishi ya akili mnemba hukosea, na kumshtaki mwanafunzi asiye na hatia ni jambo zito.

Yanayosaidia ni ya kizamani: kazi inayotegemea data aliyoikusanya mwenyewe, kama ile ya duka, rasimu inayoletwa kabla ya kazi kamili, na simu ya dakika tano kwa wanafunzi wachache waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wakiulizwa kwa nini walipanga jedwali hivi. Aliyeifanya kazi ataeleza hata kwa kubabaika. Ambaye hakuifanya hajui hata pa kuanzia.

## Wiki yenyewe inavyopangwa

Mwanafunzi anayefanya kazi hahitaji kozi yenye manjonjo. Anahitaji kozi inayofanana wiki hadi wiki, ili nguvu zake ziende kwenye somo badala ya kutafuta kitu kilipo. Mpango wangu ni huu:

- Jumatatu: ujumbe mfupi wa sauti, dakika mbili, unaosema wiki hii tunafanya nini na kwa nini.
- Jumatatu hiyo hiyo: video au sauti tatu fupi, kila moja na noti zake na swali lake.
- Katikati ya wiki: mjadala wa kundi, au sehemu ya kazi kubwa.
- Ijumaa: mwalimu anajibu maswali yaliyokusanywa na CR, yote mahali pamoja, si moja moja kwenye WhatsApp hadi saa nane usiku.
- Mwisho wa wiki: jaribio la maswali matano.

WhatsApp iachwe kwa matangazo na kusalimiana. Somo likiingia humo linazama chini ya picha za harusi.

Wiki ya kwanza ina kazi yake ya pekee: kila mwanafunzi apige picha ukurasa mmoja alioandika kwa mkono, aupakie kwenye mfumo. Kinachopimwa ni kama anajua kupakia. Wasioweza watajulikana siku hiyo, badala ya kujulikana usiku wa mwisho wa kazi yenye alama 20.

Na kuhusu huo usiku wa mwisho. Mifumo mingi hupenda kuweka ukomo Jumapili 11:59 PM. Kwa hesabu yetu hiyo ni saa sita kasoro dakika moja usiku, na kila muhula kuna anayeisoma kama karibu saa sita mchana, au anayedhani bado ana usiku mzima mbele. Andika ukomo kwa namna zote mbili. Au, bora zaidi, usiweke usiku kabisa. Wanafunzi wengi hununua bando la usiku kwa sababu ndilo la bei nafuu, na hulitumia umeme ukiwa umetulia na watoto wamelala. Ukomo wa saa sita usiku unawakata katikati. Uweke Jumatatu saa 4 asubuhi: usiku wote ni wao, na asubuhi kitu kikigoma, kuna mtu wa TEHAMA ofisini wa kupokea simu.